Minyoo Iliyozoea Uchungu

Zamani sana, katika mlima wa Kisunga, minyoo ya tumboni ilikuwa dhaifu. Iliwaingia watu kwa njia zile zile za leo, kwa mikono yenye udongo na mboga zisizooshwa, ikawavimbisha watoto matumbo na kuwanyima usingizi. Lakini mgonjwa alipokunywa kata moja ya dawa ya magome, kesho yake minyoo yote ilitoka, mikubwa kwa midogo, wala haukubaki hata mmoja wa kuzaa.

Dawa hiyo ilikuwa chungu kupita kiasi. Aliyeinywa alitapika, kisha akashinda amelala, hana hata nguvu ya kufukuza inzi usoni. Mganga wa wakati huo alikuwa mwanamke aitwaye Nakijwa, aliyerithi kazi kwa mama yake. Mama alimwachia agizo moja tu: kata ijae. Hakumweleza sababu, na huenda yeye mwenyewe hakuijua.

Nakijwa alikuwa na moyo laini. Siku moja jirani alimletea binti yake mdogo, naye mtoto alipoiona kata akajificha nyuma ya mama yake.

"Bibi, mpunguzie kidogo," mama yake akaomba. "Mara ile alitapika mpaka nikadhani namzika."

Nakijwa akamwaga nusu, akatia asali. Minyoo ikatoka mingi, na jioni mtoto akaonekana anacheza na wenzake. Habari zikaenea mlima mzima. Waliokuwa wakikimbia dawa wakaja wenyewe, na kila aliyekuja alitaka nusu. Wengine walichukua kibuyu nyumbani, wakawa wanaonja funda moja kila tumbo liliponguruma. Nakijwa akapendwa kuliko mama yake alivyowahi kupendwa, na hilo, tuseme kweli, lilimfurahisha.

Miaka ikapita. Polepole aliona kwamba minyoo inayotoka inapungua, ilhali matumbo hayapungui. Alidhani miti imechoka. Akapanda msituni kutafuta magome ya miti mikongwe, akayachemsha siku mbili badala ya moja. Hali haikubadilika.

Kisha akaugua Nanzia, mjukuu wake wa miaka sita, mtoto wa binti yake Namsemba. Tumbo lilimkaza, likawa gumu kama ngozi ya ngoma, na mnyoo ukamtoka puani. Nakijwa akampa nusu kata. Haikutoka hata minyoo miwili. Akampa kata nzima, iliyojaa kama alivyoagizwa zamani. Mtoto akatapika, akalia, akanyamaza. Siku ya tatu hakuweza tena kupata choo, na siku ya nne akafa kwenye mapaja ya mama yake.

Kaka yake Nakijwa, aitwaye Mrutu, alishuka kuja kumpa pole. Alikuwa mfugaji wa mbuzi upande wa mlima wenye majabali. Nakijwa akamwambia, "Kaka, kata ilijaa. Nilimpa yote. Dawa imekufa."

Mrutu akasema, "Dada, mbuzi wangu unawajua. Wanapanda mwamba ulionyooka kama ukuta. Unadhani ni mimi niliyewafundisha? Baba alipoanza kufuga kule, mbuzi walikuwa wazito kama wa watu wengine. Chui akawala wazito. Wachache waliojaliwa miguu mizuri wakabaki, wakazaa wenye miguu kama yao. Sasa chui akija, anaondoka na njaa."

"Mbuzi wako wanahusiana vipi na mjukuu wangu?"

"Nusu kata iliua minyoo gani?"

Nakijwa alikuwa ameitazama minyoo hiyo maisha yake yote ikitoka, na hakuwahi kujiuliza habari za ile isiyotoka. Nusu kata iliua ile iliyokuwa legelege. Iliyoweza kuvumilia uchungu ilibaki humo tumboni peke yake, ikazaa, na mayai yake yakarudi mashambani na mikononi mwa watoto. Nayo haikuzaa legelege. Ilizaa ya namna yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka mlima mzima ukawa na ukoo mmoja wa minyoo, ukoo ambao yeye mwenyewe aliuchagulia wazazi.

Kabla siku arobaini za msiba hazijaisha, akawaita watu wote uwanjani, akawaeleza bila kujificha. Wengine walilia. Mzee mmoja, Mchome, alimfokea: "Ulitupunguzia bila kutuonya, leo unataka kutuongezea?"

"Ndiyo," akasema Nakijwa. "Nimepata mizizi ya mti mwingine, ambayo minyoo yetu bado haijaizoea. Nitaichanganya na magome. Tutakunywa sote siku moja, kata iliyojaa, na hakuna atakayepeleka kibuyu nyumbani."

Akachota kata ya kwanza, akainywa mbele yao akiwa amesimama. Jasho lilimtoka, lakini hakukaa. Alipomaliza alimtazama yule jirani aliyemwomba nusu miaka ile, akaona macho yake yameshaanza kuomba. Akaona pia kwamba mkono wake mwenyewe ungetii. Akamwita Namsemba, ambaye tangu mazishi hakuwa amezungumza naye, akamkabidhi kata.

"Mama, kwa nini mimi?" Namsemba akauliza.

"Kwa sababu mimi nitawahurumia."

Namsemba akaipokea. Alichota, akajaza, akampa jirani. Akachota, akajaza, akampa Mchome. Hakuna aliyethubutu kumwomba apunguze.

Minyoo haikuisha Kisunga. Mingine ilibaki, na hadi leo ni migumu kuliko minyoo ya milima mingine, kwa kuwa ile legelege ilikwisha kufa, na mzazi hawezi kuzaa upya babu zake. Ila watoto waliozaliwa baada ya mwaka ule walikua.

Na tangu siku hiyo, watu wa Kisunga hunywa dawa ya minyoo wote pamoja, wamesimama, kata ikiwa imejaa hadi ukingoni. Na mwenye kuishika kata si mganga. Ni mama aliyewahi kuzika mtoto.