Jina la Binti wa Sikudhani

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi akalale mapema, maana leo sitaki makofi, nataka jibu.

Walikuwepo wanawake watatu. Mwantumu alijaliwa huruma, Husna alijaliwa ulimi, Saumu alijaliwa subira. Kila mmoja alimwokoa Sikudhani kwa kile alichojaliwa, na Sikudhani ana mtoto mmoja tu.

Sikudhani alisoma shule ya bweni. Huko wasichana wakubwa walimwita Kunguni. Jioni walimwagia maji godoro lake, asubuhi wakamwimbia, "Kunguni kakojoa!" Chakula chake walikitemea mate, kisha wakamsimamia mpaka akimalize. Alipomweleza matroni, aliambiwa aache kudeka.

Mwantumu alikuwa jirani yake wa kitanda. "Njoo tulale wote, shoga," akamwambia. Basi na godoro la Mwantumu nalo likaanza kumwagiwa maji. Masika yote walilala kwenye unyevu, wamekumbatiana. Mwantumu akaugua kifua, na hadi leo akipanda ngazi anahema. Lakini Sikudhani hakuwa peke yake tena.

Husna ndiye aliyelibuni jina la Kunguni. Naam, yeye hasa. Siku moja alimfuata Sikudhani nyuma ya bustani ya shule, apate la kuwachekesha wenzake. Akamkuta ukingoni mwa kisima, viatu kavivua. Alimdaka mkono, wakaanguka wote matopeni. Kesho yake mstarini, mbele ya shule nzima, Husna aliwataja watesaji wote, akaanza na nafsi yake. Mateso yakakoma. Husna akafukuzwa, na baba yake akakataa kumsomesha tena.

Saumu ni wifi yake. Sikudhani alipoolewa hakuweza kula mbele ya watu. Sinia likiwekwa, anainuka. Alichota chake akaenda kula jikoni, kageukia ukuta. Ukweni wengine wakasema anaringa, wengine wakasema mchawi. Saumu akabeba sahani yake, akakaa naye kuutazama ukuta. Mama yake akamnunia, ndugu wakamsusa, Saumu hakubanduka mpaka siku Sikudhani alipounyoosha mkono mwenyewe kwenye sinia.

Sasa Sikudhani amejifungua binti, na kizazi kimetolewa. Hatazaa tena. Kwao mtoto hupewa jina la mtu mmoja, na mtu huyo ndiye somo yake. Humpakata siku ya kutolewa nje, akawa mama yake wa pili mpaka kufa.

Siku yenyewe ndiyo leo. Wote watatu wamekaa mkekani.

"Mimi sidai," alisema Mwantumu, akakohoa.

"Nyie mlimtoa kaburini, sikatai," alisema Saumu. "Lakini kuishi kamfundisha nani?"

Husna hakuinua macho. "Usiponipa, shoga, nitajua hujanisamehe. Wala sitakulaumu."

Kusikia tu sauti ile, Sikudhani alijikuta amesogea nyuma, mtoto kifuani. Miaka yote hii, na mwili wake bado unamwogopa mtu aliyemrudisha kutoka kisimani! Uchungu ulimjaa. Amwite mwanawe kila asubuhi kwa jina linalomkausha mate? Na akimnyima Husna, si atakuwa amemwambia kwamba kutubu hakufai kitu? Na kifua cha Mwantumu je, atakifidia kwa kitu gani? Na Saumu, ambaye bila yeye Sikudhani angekuwa bado anautazama ukuta?

Mama mkwe alisimama kizingitini. "Haya mwanangu, jina. Jua linapanda."

Sikudhani aliwatazama mmoja mmoja. Wote watatu wakanyoosha mikono kumpokea mtoto, naye akazidi kumkumbatia.

Msiniambie apewe majina yote matatu, hilo ni jibu la mvivu, na kwao halikubaliki. Msiniambie pia nimwulize mama mtu, kwani mmeona wenyewe kuwa ameshindwa. Mtoto huyu hapa, nawapakatisha nyinyi. Mngemwita nani? Na hao wawili wengine mngewatazama vipi usoni?