Kwa Nini Kila Kijiji Huleta Upatu Mmoja

Ninyi mliopanda hadi hapa kuona sherehe ya mavuno, sogeeni, mketi. Mmeona watu wa kila kijiji wakifika wamebeba mgongoni upatu mmoja tu, shaba ya kupigwa ngomani, mkaulizana kulikoni. Haikuwa hivyo hapo kale.

Kale hizo watu wetu, Wakadazandusun wa ukoo huu, hawakuwa wametapakaa mabondeni. Walikaa wote katika nyumba moja ndefu, papa hapa mito miwili inapokutana, juu ya nguzo hizi mnazoziona zimebaki. Na patu zote za nyumba hiyo zilikuwa mikononi mwa mjane mmoja aliyeitwa Kinduyan.

Zilikuwa patu za shaba, nzito, zenye kitovu katikati, na kila mmoja ulikuwa na sauti yake. Marehemu mumewe alizikusanya mmoja mmoja kwa miaka mingi, huu kwa nyati, ule kwa nta ya msituni. Kwa ada ya siku hizo, zote zingemwendea mtoto wa kwanza. Huyo alikuwa Gampoyo. Tangu utotoni yeye ndiye aliyezisugua kwa majivu mpunga ulipokaribia kuiva, na hakuna ndugu aliyethubutu kumgusia rungu la kupigia.

Kisha ardhi ikachoka. Mpunga ukatoa makapi, na ndugu waliokula chungu kimoja wakaanza kugombea mipaka. Siku moja mapanga yakachomolewa shambani, na Kinduyan akajitupa katikati ya wanawe mwenyewe. Baada ya hapo bobolian, mama mkuu wa matambiko, akaamua kwamba kila familia ifuate kijito chake ikatafute bonde jipya, kabla damu haijamwagika.

Kinduyan hakupinga. Lakini alijua mambo ya watu: anayepata shamba zuri mbali husema atakuja kesho, na kesho yake haifiki. Asubuhi ya kuondoka akaziteremsha patu, akampa kila mtoto mmoja. Gampoyo akapewa ule mkubwa, wenye sauti ya chini kabisa.

"Mama, umeiua ngoma ya baba," Gampoyo akasema. "Upatu mmoja si ngoma. Ni kikohozi."

"Basi nenda ukakohoe, mwanangu. Ukitaka kucheza, rudi."

"Sirudi."

Akaufunga upatu mgongoni, akamwita mkewe Tiambu, wakashuka na mto. Kinduyan alisimama ngazini akitazama ile shaba ikimetameta kati ya majani, mpaka asiione tena. Wengine walimuaga kwa kumkumbatia. Gampoyo hakugeuka.

Mabonde mapya yalikuwa na rutuba. Mavuno yalipofika, kila mmoja huko alikokuwa alijaribu kufanya sherehe. Sompot, kitinda mimba, aliutundika upatu wake akaupiga. Watu wakainuka, wakanyoosha mikono kama mwewe anayeelea, ndivyo ichezwavyo sumazau, kisha wakakosa hatua ya kufuata, kwa kuwa sauti ilikuwa moja tu. Walichekana, wakaketi. Sompot hakucheka. Aliuangua upatu wake akashika njia ya nyumbani, na kwenye njia panda akakutana na ndugu zake, kila mmoja na mzigo wake wa shaba.

Walimkuta mama yao ameandaa mitungi ya tapai, pombe ya mchele, kama vile aliwaalika. Wakacheka, wakalia, wakatundika patu kwa mpangilio wa zamani. Mahali pa ule mkubwa pakabaki kamba inaning'inia.

"Nipige gogo badala yake?" Sompot akauliza. "Sauti yake nzito vilevile."

"Hapana," Kinduyan akasema. "Mwachieni nafasi yake."

Wakapiga hivyo hivyo, na ngoma ikachechemea. Kila ilipofika zamu ya Gampoyo palikuwa kimya, na wachezaji wakajikwaa, wakagongana, wakalaumiana. Kinduyan peke yake hakujikwaa. Hapo penye kimya alikuwa akiinua mguu na kuungoja upatu wa Gampoyo, macho yakiwa mtoni, kisha akiushusha mguu pamoja na sauti iliyofuata. Wengine wakaiga. Mavuno ya pili yakawa vilevile. Kinduyan alikuwa amezeeka, na mguu ule ulipoinuka ulitetemeka.

Mavuno yaliyofuata, Gampoyo akamwambia mkewe kwamba anataka kuwapelekea ndugu mbegu ya mpunga, basi.

"Na upatu wa nini," Tiambu akauliza, "kama tunapeleka mbegu?"

Gampoyo akakaza kamba za mzigo, akatangulia. Walipofika ng'ambo ya mto aliketi juu ya jiwe, akakataa kuvuka. Alisema ndugu zake wamekwisha kumzoea mtu mwingine, wamepata rungu jingine. Ndipo ngoma ikaanza. Akainua kichwa. Aliisikia ikija vizuri, kisha ikakatika, kisha ikaja tena, na palipokatika palikuwa pake yeye. Hapakuwa na mtu wala gogo. Akautundika upatu kwenye tawi, akangoja zamu izunguke, akapiga.

Sauti ikavuka maji ikaingia mahali pake. Kule nyumbani Sompot akapiga yowe, akataka kukimbilia mtoni.

"Msiache kupiga!" Kinduyan akawakaripia. "Mkinyamaza ataona haya. Pigeni!"

Wakapiga, huku machozi yakiwatoka. Kinduyan akateremka ukingoni kwa mwendo ule ule wa kucheza, akaingia majini hadi magotini.

"Nilidhani mmeweka mwingine mahali pangu," Gampoyo akasema kutoka ng'ambo.

"Tungempata wapi?" mama akajibu. "Umekula?"

"Bado, mama."

"Vuka, basi, mwanangu."

Na tangu mavuno hayo, hakuna kijiji cha ukoo huu kinachomiliki ngoma nzima. Kila kimoja hutunza upatu mmoja, na hapa ndipo zinapokutana. Ngoma huanza hata kama wote hawajafika, ila zamu ya asiyefika haipigwi. Watu wake wakifika ukingoni, hupiga kwanza wakiwa ng'ambo, ndipo wavuke. Mwaka ambao mafuriko yamefunga njia, pengo hukaa siku nzima na hakuna anayelijaza. Kwa hiyo mkiwaona mama zetu wameinua mguu hawaushushi, msidhani wamesahau kucheza. Kuna mtu wao yuko njiani.