Siku Kindi Alipokosa Hadithi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakisonga ugali na kuwasema majirani kama tufanyavyo sisi, palikuwa na kijiji kiitwacho Mikuyuni. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani, watu wa Mikuyuni walifanya shindano la kutunga hadithi. Halikuwa shindano la ugomvi, la hasha, lilikuwa la kirafiki. Mwamuzi alikuwa Bi Nungunungu, ambaye aling'oa miba yake mirefu akampa kila mtunzi mmoja wa kuandikia, pamoja na gome laini la mgomba na wino wa masizi. Mshindi alipata kikapu cha karanga za kukaanga.

Lakini shindano hilo lilikuwa na sheria mbili, na zote mbili zilitoka mdomoni mwa Kindi.

Mnamjua Kindi? Huyo mdogo, mwenye mkia mrefu na ulimi mrefu zaidi. Mwaka uliotangulia alishinda, sifa zikampanda kichwani, akarukia juu ya kinu mbele ya watu wote.

"Jamani, tuweke sheria!" alisema. "Atakayekuja bila hadithi atachota maji ya kijiji kizima mpaka mvua zinyeshe. Na atakayemsaidia mwenzake kutunga, naye ashike ndoo!"

Hiyo ya pili ilimlenga Nyati, maana ilisemekana kwamba mkewe ndiye humtungia. Wanyama wakacheka, wakapiga makofi, wakakubali. Kindi alicheka kuliko wote.

Basi mwaka huu Kindi aliketi mbele ya gome lake, akachovya mwiba kwenye wino, akangoja.

Hakuna neno lililokuja.

Akaandika: "Palikuwa na mfalme..." Akasita. "Mfalme gani tena? Nimechoka na wafalme!" Akafuta.

Akaandika: "Palikuwa na kisima..." Alipofikiria kisima akafikiria maji, na alipofikiria maji akafikiria ndoo. Akafuta hilo nalo.

Akasema, "Labda nyumba ni chafu, ndiyo maana." Akafagia. Akaona afadhali achanje na kuni. Akapanga kuni kwa urefu, akazipangua, akazipanga kwa unene. Akachana mkia, akapika uji, akanywa, akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Akarudi kuketi. Gome lilikuwa bado tupu, likimtazama.

Siku zikapita hivyo hivyo. Mwisho kijasho chembamba kikaanza kumtoka, kwa sababu ndoo ya Kindi, wanangu, ilikuwa ganda la konokono. Na Tembo peke yake, akiwa hana kiu sana, hunywa bwawa. Kindi alijiona akienda mtoni na ganda lake, tii, tii, tii, akirudi, akimmiminia Tembo tone moja kwenye mkonga, kisha mbio tena mtoni. Akataka kulia.

Akafunga safari mpaka kwa Tembo.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

"Nimekwama, mzee. Sina hadithi. Nipe hata mstari mmoja, nitamalizia mwenyewe."

Tembo akarudi nyuma kana kwamba ameona siafu. "Mstari? Mimi? Na sheria je? Sheria yako mwenyewe, Kindi! Unataka mzee mzima nikashike ndoo?"

"Basi nisimulie tu habari zako. Za zamani, za juzi, zozote."

"Habari zangu ni njema," alisema Tembo. "Kwaheri."

Akaenda kwa Kiboko. "Habari gani, Bwana Kiboko?" "Salama." "Hakuna jipya?" "Hakuna." Akaenda kwa Nyati. Nyati alimwona kwa mbali, akaingia ndani, akajifungia. Kindi akarudi nyumbani mkia ukiburura vumbi.

Asubuhi ya shindano ikafika. Kindi alikuwa mlangoni na gome lake tupu mapajani wakati jirani yake, Mama Kanga, alipopita na kapu la mboga. Kindi hakuwa na nia yoyote, ni mdomo tu ulimponyoka.

"Jirani, pole kwa maharage yaliyoungua jana. Nilisikia harufu."

Mama Kanga akasimama ghafla. "Maharage? Nani kakwambia ni maharage? Zilikuwa mbaazi! Na hazikuungua! Zilizoungua ni mboga za majani, na kosa ni la mume wangu, nilimwambia aangalie moto, yeye akaenda kumwangalia fundi anayejenga kwa Ngiri, na huko kwa Ngiri, usiseme nimesema mimi, ukuta umepinda, fundi amekimbia na nyundo ya wenyewe..."

Aliongea mpaka kapu likamwelemea. Akaliweka chini, akaendelea.

Masikio ya Kindi yakasimama wima! Akawaza: "Kila siku namwuliza habari, ananijibu nzuri. Leo nimemkosea neno moja, amenimwagia nyumba mbili na ukuta!"

"Di! Di! Di!" Ngoma ya shindano ikalia. Kindi akanyakua gome, mwiba na wino, akatoka mbio. Hakuwa na hadithi. Lakini moyo ulikuwa unamdunda kwa namna nyingine sasa.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Tembo alisoma wa kwanza. Hadithi yake ilimhusu tembo mmoja shujaa, aliyepigana na milima na kuishinda, mlima baada ya mlima. Wazee walisinzia kwenye mlima wa pili. Kiboko akasoma habari za kiboko mmoja mwenye sura nzuri kupita viumbe wote. Sura yenyewe aliieleza tangu pua hadi mkia, na pua peke yake ilichukua nusu ya gome. Nyati naye alisoma vizuri, ila kila alipokwama alimtazama mkewe.

"Kindi!" aliita Bi Nungunungu.

Kindi akarukia juu ya kinu. Akalifunua gome lake kwa upande ambao watu hawakuweza kuliona, akakohoa kidogo, akasoma pale pasipokuwa na neno:

"Mtakumbuka ile siku ya dhoruba. Siku hiyo paa la Mzee Tembo liliruka. Liliruka kwa sababu alilijenga ovyo. Alilifunga kwa majani makavu, mvivu yule, na upepo mdogo tu ulipopita, puu! Likaondoka."

"Weee!" Tembo akainuka, uwanja mzima ukatikisika. "Ovyo? Paa langu mimi nilijenga ovyo? Lilikuwa na kamba za mkonge, mafundo mawili kila boriti! Hakuna upepo duniani wa kulitoa lile paa!"

"Lakini liliruka, mzee," alisema Kindi kwa upole, huku mwiba wake ukianza kukwaruza gome, kwaru, kwaru.

"Liliruka, ndiyo, lakini si upepo! Mama watoto alikuwa anatwanga pilipili kavu. Mimi nimeketi pale karibu. Vumbi likaniingia mkongani, nikajizuia, nikajizuia, nikaona aibu kupiga chafya mbele ya mama mkwe... Nikashindwa. HAACHIIIIIA! Nilipofumbua macho nikaona mawingu. Paa hakuna! Mama mkwe naye kilemba hana!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Kumbe Tembo miaka yote alisingizia dhoruba! Hata mkewe alikuwa ameziba uso kwa kanga, mabega yakimcheza.

Kindi akaandika upesi, akainua kichwa. "Naendelea. Paa likaenda likaanguka ukingoni mwa mto. Bwana Kiboko alipoliona alishikwa na woga, akajificha chini yake, akamlilia mama yake."

"Mwongo mkubwa!" Kiboko akafungua kinywa chote. "Woga? Mimi? Kwanza halikuanguka ukingoni. Lilinishukia kichwani, chubwi! Nilikuwa ndani ya maji, najipumzikia. Ghafla giza. Nikasema, ah, leo usiku umewahi. Nikalala."

"Ulilala?" wakauliza watu.

"Nifanyeje, na usiku umeingia? Nilipoamka bado giza. Nikasema usiku wa leo ni mrefu, nikalala tena. Njaa ndiyo iliyonishtua. Nikaamua nitembee hivyo hivyo kwenye giza, nitafute nyasi."

"Na paa kichwani?" aliuliza Kindi, mwiba ukikimbia.

"Na paa kichwani. Nilijuaje?"

Sasa watu walikuwa wanashikana ili wasianguke. Tumbili mmoja alidondoka mtini, akaendelea kucheka chini pale pale. Kindi alichovya mwiba kwenye wino bila hata kutazama. Maneno yalikuwa yanakuja yakisukumana, hakuwa na kazi nyingine ila kuyapisha. Alisikia furaha ikimpanda tangu miguuni, furaha ambayo alidhani imemhama kabisa.

"Basi," alisoma, "Nyati akapita mtoni. Akaona nyumba inatembea juu ya maji. Akapiga yowe, akapanda mti."

Nyati akapuliza pua, fuuu! "Nyati apande mti! Mnamsikia? Nyati wa wapi huyo? Mimi sikupanda mti wowote!"

"Ulifanya nini, mume wangu?" aliuliza mkewe. Safari hii, wanangu, hakuwa anamsaidia. Alitaka kujua.

Nyati akajikuna. "Niliona nyumba inakuja, ina pua chini yake, inapumua. Nikasema, leo nyumba zimechoka kukaliwa, zinahama! Nikakimbia kuwaonya watu."

"Watu gani? Hukuja nyumbani mpaka kesho yake!"

"Nilikwenda... nilikwenda kuwaonya wa kwa shemeji. Nikawaonya nikiwa ndani ya ghala lao. Chini ya mtama."

Hapo hata Bi Nungunungu, ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alicheka mpaka miba ikasimama na waliokaa jirani naye wakaruka kando. Na Tembo, baada ya kufuta machozi, akamgeukia Kiboko. "Kumbe ni wewe uliyekuwa na paa langu! Nililitafuta msimu mzima!" Kiboko akajibu, "Na mimi nilitafuta msimu mzima aliyenitupia!" Wakakumbatiana kwa kicheko.

Kindi akaandika neno la mwisho, akapuliza wino ukauke.

"Hadithi yangu imeishia hapo," alisema. Akashuka kinuni, akampa Bi Nungunungu gome. Limejaa pande zote mbili.

Watu wakapiga kelele. "Kindi! Kindi! Karanga ni zake!"

Tembo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzinduka. Kicheko kikamkauka. "Ngoja, ngoja kwanza. Huyu alikuja kwangu hana hata mstari. Ile hadithi si yake! Mambo yote tumesema sisi!"

"Kweli!" alisema Kiboko. "Yeye kazi yake ilikuwa kukosea tu!"

"Akachote maji!" akanguruma Nyati.

Kindi alihisi ganda la konokono mkononi, na maji baridi yakimmwagikia mgongoni. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu.

"Wazee wangu, mimi ni mdogo, siwezi kubishana nanyi. Mkisema mlinisaidia kutunga, basi mlinisaidia. Bi Nungunungu, hebu tukumbushe, aliyemsaidia mwenzake kutunga hufanywaje?"

"Hushika ndoo," alisema Bi Nungunungu.

"Aa. Basi Mzee Tembo alinisaidia mwanzo, Bwana Kiboko katikati, Bwana Nyati mwisho. Tutaongozana mtoni sisi wanne. Mimi ganda langu ninalo."

Tembo akamtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Nyati, Nyati akamtazama mkewe. Mkewe akaangalia juu.

"Nani amesema tulisaidia?" aliuliza Tembo taratibu.

"Sijamsikia mtu," alisema Kiboko. "Mimi nilikuwa nabisha tu."

"Mtu hawezi kubisha siku hizi?" alisema Nyati.

"Kwa hiyo hamkunisaidia?"

"Hata neno moja!" wakasema wote watatu.

"Na hadithi hii ni ya nani, wazee wangu?"

Tembo akashusha pumzi ndefu. "Ni yako, Kindi. Yako peke yako."

Bi Nungunungu akampa kikapu cha karanga, na shangwe zikarudi. Kindi akakifungua pale pale, akamgawia kila mtu, na Tembo, Kiboko na Nyati akawapa viganja viwili viwili. Walikula kwa kinyongo mwanzoni, ila karanga za kukaanga hazikubali kinyongo kirefu.

Kindi alipokuwa anaelekea kwake akasikia nyuma, puu, puu, puu. Tembo anamkimbilia, anahema.

"Kindi! Kindi, mwanangu, simama! Kuna mahali umekosea."

"Wapi, mzee?"

Tembo akatazama kulia, akatazama kushoto, akashusha masikio.

"Chafya zilikuwa mbili," alinong'ona. "Ya pili ilibomoa jiko."

Kindi akaketi papo hapo njiani, akatafuta gome jingine.

Basi wanangu, siku maneno yakikukimbia, usijifungie nayo ndani. Toka ukakae na watu, utayakuta huko.