Farasi Waliokataa Uwanja wa Amiri

Katika habari za waja wema tulizorithi kwa waliotutangulia, inasimuliwa kwamba katika mji wa Rummaniya aliishi mtu aitwaye Yakuti bin Faraji, mtunza farasi, mcha Mungu na mchache wa maneno. Watu wa mji walimwita Amini wa Uwanja, kwa sababu mashindano ya farasi hayakuhesabiwa halali mpaka Yakuti akague ardhi na wanyama, kisha asimame mbele ya hadhara na kuapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hapana hila wala hatari. Alikuwa ameapa hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na kiapo chake hakikuwahi kutiwa shaka.

Ikatokea kwamba Mundhiri, ndugu mdogo wa amiri wa mji ule, alimuua nduguye na kuketi mahali pake. Mitaa yote ilimpa mkono wa utii, kwa kupenda au kwa hofu, isipokuwa mtaa wa wafinyanzi. Wao walisema, "Hatutoi mkono kwa mkono ambao haujakauka damu."

Askari wakaingia mtaani humo asubuhi ya Alhamisi na kuziba njia zote. Siku ya Ijumaa mpiga mbiu akapita akitangaza kwamba wafinyanzi wamehama kwa hiari yao, wamepewa ardhi ng'ambo ya mto yenye udongo mzuri zaidi. Jumatatu nyumba zao zilikuwa zimekwisha kubomolewa. Baada ya miezi mitatu mahali pale palisawazishwa, pakazungushiwa viti vya mawe, pakawa uwanja wa mbio ambao mfano wake haukuwahi kuonekana katika nchi zile.

Khalifa alikuwa bado hajamtambua Mundhiri. Alimtuma Kadhi Ghassani, mzee mwenye elimu na taratibu, achukue bendera ya uamiri na kwenda kuutazama mji. Akiuona una amani na watu wameridhika, amkabidhi Mundhiri bendera ile. Mundhiri aliposikia, akatangaza siku saba za mashindano ya farasi kwa heshima ya mgeni wake.

Mji ukaanza kupambwa. Kuta zilizoungua zilifunikwa mazulia. Nyumba za jirani na uwanja, ambazo wenyewe walikwisha kukimbia, zilipangiwa watu wa kusimama madirishani wakiwa na nguo za sikukuu na kutabasamu. Na kila siku baada ya swala ya alasiri wakazi walikusanywa uwanjani kufundishwa kushangilia. Ngoma ikipigwa mara tatu, wapaze sauti za furaha; ikipigwa mara moja, wanyamaze. Siku ya kwanza Yakuti alipita karibu na viti akasikia maelfu ya watu wakiushangilia uwanja usio na farasi hata mmoja, kisha kimya cha ghafla, kana kwamba wote wamekabwa koo kwa pamoja. Akatazama nyuso za watu aliowajua tangu utotoni, akaona vinywa vinacheka na macho yametulia kama ya samaki.

Asubuhi iliyofuata aliwaleta farasi kumi na wawili kuwazoesha uwanja. Walikimbia vizuri mpaka kona ya mashariki. Hapo wakasimama. Hawakushtuka, hawakurusha mateke. Walisimama kwa safu moja, vichwa chini, masikio mbele, kama watu wanaomsikiliza msomaji mwenye sauti ndogo. Wapandaji waliwapiga mijeledi, nao hawakutikisika. Yakuti akawasogelea, akapiga goti na kuweka kiganja juu ya mchanga. Jua lilikuwa kali na mchanga wa kila mahali ulichoma. Pale palikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Akaagiza mchanga mpya. Farasi wakasimama pale pale. Akamfunga macho farasi mmoja mkongwe na kumwongoza kwa njia tofauti, huku akimzungusha ili asijue alipo. Farasi yule akatembea hadi pale pale, akainamisha kichwa.

Yakuti akaenda kwa Waziri Shibli, aliyepewa kazi ya kusimamia sherehe.

"Bwana wangu, farasi wanakataa kona ya mashariki."

"Wanakataa wao, au unakataa wewe?" waziri akauliza.

"Wanyama husikia tusiyoyasikia. Naomba pachimbwe, tujue kuna nini."

Waziri akaweka kalamu chini. "Hapatachimbwa. Tutaisogeza kamba ya mpaka wa njia, mbio zikate ndani ya kona hiyo. Na siku ikifika utaapa kama ulivyozoea. Kadhi anakuja kuangalia furaha, haji kuangalia mchanga." Kisha akaongeza kwa upole, "Una mabinti wawili, sivyo, Yakuti? Mungu akutunzie."

Yakuti akasema, "Inshallah." Neno hili alikuwa akilisema kwa moyo maisha yake yote; siku ile alilisema kwa ulimi tu. Na alipotoka nje alijua kwamba amelisema hivyo.

Kamba ikasogezwa. Farasi wakakimbia, nao kila walipopita karibu na kona ile waligeuza vichwa upande huo wote kwa pamoja.

Siku kumi kabla ya sherehe, Yakuti alimkuta bibi mmoja amesimama nje ya kamba kwenye kona ya mashariki. Jina lake Umaima. Yakuti alimfahamu, maana alikuwa akinunua mitungi kwake. Siku ya Alhamisi ile askari walipouziba mtaa, bibi huyu alikuwa safarini kwa dada yake, na kwa hiyo alibaki yeye peke yake katika wafinyanzi wote.

"Mama, hapa si mahali pa kusimama. Askari wakikuona watakuudhi."

"Hapa ndipo lilipokuwa tanuri kubwa, mwanangu," akajibu. "Mwanangu Nuaimu alikuwa akichoma vyungu hapa."

Yakuti akasema, na haya ilimshika alipokuwa akisema, "Si walihamia ng'ambo ya mto, mama?"

"Nilivuka. Nilitembea siku mbili. Kule kuna nyasi na kunguru." Akamtazama usoni. "Wewe ni mtu wa kuapa, na watu wanakuamini. Niambie basi. Farasi wako wanasikia nini hapa?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

"Hujui, au hujauliza?"

Tangu siku hiyo Yakuti alisahau idadi ya rakaa kila aliposimama kuswali. Akamweleza mkewe, Sumayya, yote, pamoja na maneno ya waziri juu ya mabinti. Sumayya alilia kwanza. Kisha akafunga nguo za watoto, akawachukua kwenda kwa kaka yake katika mji mwingine, na mlangoni akamwambia mumewe, "Sisi tutakuwa salama, inshallah. Sasa hofu iliyobaki ni yako mwenyewe, umalizane nayo."

Siku ya sherehe ikafika. Kadhi Ghassani aliketi chini ya kivuli cha hariri, bendera ya khalifa ikiwa imekunjwa mapajani mwake, na Amiri Mundhiri kuume kwake. Viti vilijaa. Madirishani watu walisimama na tabasamu zao. Ngoma ikapigwa mara tatu, furaha ikalipuka. Ikapigwa mara moja, pakawa kimya hata mtu aliweza kusikia farasi wakipumua.

Yakuti akaitwa. Akasimama katikati ya uwanja, akahimidi, akamswalia Mtume, kisha akasema, "Enyi watu, mimi siwezi kuapa juu ya uwanja huu."

Waziri akatoa ishara. Ngoma ikapigwa mara tatu, na watu, kwa mazoea ya siku nyingi, wakashangilia. Kelele zikamfunika Yakuti kama wimbi. Yeye hakuondoka wala hakupaza sauti kushindana nao. Alikunja mikono kifuani, akangoja. Walipochoka, akarudia kwa sauti ile ile: "Siwezi kuapa. Chini ya uwanja huu kuna watu."

Ngoma tena, mara tatu. Safari hii zilishangilia safu za mbele tu, zile zilizoonwa na askari. Nyuma kulikuwa na manung'uniko. Yakuti akangoja, midomo yake ikitikisika kwa dhikri, jasho likimtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Chini ya uwanja huu kuna watu," akasema mara ya tatu, "na wafinyanzi hawakuvuka mto."

Mpiga ngoma akapiga mara tatu. Hapana aliyefungua kinywa. Akapiga tena, na sauti ya ngoma ikazunguka viti vya mawe na kumrudia peke yake.

Amiri akacheka. "Mzee wetu amepigwa na jua, ewe Kadhi. Mwacheni apumzike, mbio zianze."

Kadhi Ghassani alikuwa hacheki. "Ewe Yakuti, una ushahidi gani?"

"Sina ushahidi wa macho, bwana wangu. Ninao hawa farasi. Waamuru wapandaji washuke, hatamu zitolewe, kisha utazame wanakwenda wapi."

Kadhi akaamuru. Farasi kumi na wawili wakaachiwa, kila mmoja huru kwenda atakako, na malango yote yalikuwa wazi. Wakatembea polepole, mmoja nyuma ya mwingine, wakaivuka kamba, wakafika kona ya mashariki. Wakajipanga. Wakainamisha vichwa. Hapo ndipo bibi mmoja alipotoka kwenye umati akaenda kusimama kati yao, naye alikuwa Umaima.

Kadhi akavua viatu, akashuka uwanjani pekupeku. "Chimbeni," akawaambia watu wake mwenyewe.

Hawakuchimba sana. Kwenye kina cha dhiraa moja wakaona kiganja cha mtu, na udongo wa kufinyangia ulikuwa ungali chini ya kucha zake. Wakakifukia tena taratibu. Kadhi akaelekea kibla na kuleta takbira, na nyuma yake, bila ngoma wala amri, watu wa Rummaniya wakashuka kutoka vitini na kupanga safu za swala ya maiti. Wasimulizi wanasema safu zile zilijaa uwanja mzima, na waliosimama madirishani walishuka pia.

Kadhi aliondoka siku ile ile na bendera yake. Walinzi wake walikuwa wachache, hakuweza kumchukua Yakuti. Mundhiri akamtia gerezani, akakaa humo miezi kumi na mmoja akisubiri, mpaka jeshi la khalifa lilipokuja na Mundhiri akaondolewa kwa fedheha. Yakuti alitoka mwili umekwisha na jicho moja halioni. Uwanja ukafanywa makaburi, na kila aliyezikwa pale akaswaliwa.

Watu walipomsifu kwa ushujaa aliwakataza. Alikwenda kwa Umaima na kumwambia, "Mama, nisamehe. Nilijua siku nyingi kabla ya kusema."

Bibi yule akasema, "Siku zile nilikuwa nikikuona ukipita, nikikuchukia. Sasa nakuombea. Yote mawili ni kweli, nenda nayo."

Ndugu zangu katika imani, watawala wana haja ya furaha yetu kuliko tunavyodhani, maana mgeni akiona mji unacheka hataki tena kuuliza umemzika nani. Si haramu muumini kufurahia mbio za farasi. Lakini akiamrishwa kushangilia, na autazame kwanza uwanja anaoushangilia. Na yule ambaye neno lake linaaminiwa na watu, ajue kwamba hilo ni amana ya Mwenyezi Mungu shingoni mwake, na kwamba kuchelewa kulisema kuna hesabu yake. Tunamwomba Mola atupe ndimi zisizonunuliwa kwa hofu, na awarehemu waliolala pasipo kaburi lenye alama. Amin.