Onjo Moja, kwa Kadiri ya Kinywa

Hadithi, hadithi!

— Ipakue tuile!

Jiko?

— Limewaka!

Chungu?

— Kinatokota!

Aliyemo chunguni?

— Si sisi!

Msiharakishe kusema si nyinyi. Kaeni kwanza. Na wewe wa nyuma, acha kutafuna, hadithi hii haisikilizwi na kitu mdomoni.

Hapo kale wanyama walikuwa wapishi. Ndiyo, walipika, mnacheka nini? Kanga alikuwa na mgahawa wa pilau. Kima alikuwa anakaanga ndizi. Digidigi alikuwa anauza kachumbari na maji ya matunda. Na mikate, ile mikate laini ambayo ukiibonyeza inarudi, ilikuwa kazi ya Bi Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini ambaye ukimwona leo unadhani ni panya aliyenenepa.

Kila mwaka mvua zikikatika palikuwa na Maonyesho ya Wapishi. Uwanja unafagiliwa, mabanda ya makuti yanajengwa, vitambaa vyeupe vinatandikwa mezani. Huyu anaonyesha jiko lisilotoa moshi. Huyu anaonyesha kisu kisichoshika kutu. Yule anasifu sufuria isiyounguza hata ukiisahau motoni. Wenye migahawa wanatoka mbali, wanaona, wanaonja, wanaagiza. Jambo jema kabisa. Lingekuwa jema zaidi kama mgeni rasmi angekuwa mwingine.

Mgeni rasmi alikuwa Chatu. Mwaka huu Chatu, mwaka jana Chatu, mwaka juzi Chatu. Nani wa kumwambia apishe wengine?

Na sheria za maonyesho alizitunga yeye. Kilicho bandani ni cha kuonjwa. Kila mgeni mwenye beji ana onjo moja la kila kitu. Onjo ni kwa kadiri ya kinywa cha mwonjaji. Basi, hizo tu. Beji yenyewe ilikuwa jani dogo la mkwaju, unalibandika kifuani na wewe tayari ni mgeni. Siku sheria ziliposomwa wanyama walipiga makofi, maana sauti ya msomaji ilikuwa nzuri na vinywaji vilikuwa vya bure.

Sasa, Chatu hatafuni. Kinywa chake kinafunguka, kinafunguka, kinafunguka, na kikija kufunga, kitu hakipo. Ukimlalamikia atakujibu kwa upole, "Mwenzenu sikujaliwa meno ya kutafuna. Onjo langu ndilo hilo."

Mwaka mmoja Bi Pimbi alitoka bandani kwenda kuchota maji. Mumewe alibaki anakoroga hamira. Chatu akaja, swaaa, swaaa, akachungulia.

"Na huyu naye yumo bandani?"

Kanga alikuwa banda la jirani, akajifanya anapanga sahani.

"Yumo," Chatu akajijibu. "Basi ni wa kuonjwa."

Gubu!

Bi Pimbi aliporudi alikuta mwiko uko chini. Chatu alikuwa ameshafika banda la tatu, anawaambia watu kwamba mikate ya mwaka ule ilikuwa na chumvi kidogo. Bi Pimbi alikuwa na mimba. Mtoto alipozaliwa akamwita Tabu.

Mtaniuliza, kwa nini asikae nyumbani mwaka uliofuata? Aliyekaa nyumbani alifuatwa nyumbani, na Chatu akishaingia kwako, nyumba nzima anaiita banda. Na Tabu alikuwa bado ananyonya. Hakuwa na pa kumwacha. Ingebidi aje naye mgongoni, ndani ya mbeleko, na mgongo wa mama ukiwa bandani, mtoto naye yumo bandani. Bi Pimbi aliogopa. Sitawadanganya kwamba alikuwa shujaa. Aliogopa mpaka maziwa yakapungua.

Lakini mwoga huangalia sana, na Bi Pimbi alikuwa ameona jambo. Kila asubuhi ya maonyesho, kabla ya mtu yeyote kuingia, Chatu huzunguka uwanja wote akiramba ardhi kwa ulimi. Wanyama walisema anakagua usafi. Usafi gani? Siku moja Bi Pimbi alimwona amegeuka ghafla, amerudi mbio mwituni, na maonyesho yakaahirishwa. Alipokwenda kutazama pale Chatu alipogeukia, alikuta mstari mwembamba mweusi unakatiza njia. Siafu.

Akakaa juu ya jiwe akafikiri. Chatu akishiba hatembei. Na siafu hawachagui, wanakula chochote kisichotembea.

Akawafuata.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba," akajibu mkuu wa siafu. "Sema upesi, tunapita."

"Mbona kwenye maonyesho hamji?"

"Hatualikwi. Tunaambiwa hatuna kinywa."

"Kinywa mnacho."

"Tunacho."

"Basi nitawaingiza, na beji nitawapa. Onjo moja kila mmoja."

"Kila mmoja?"

"Kila mmoja."

"Sisi ni wengi, Bi Pimbi."

"Najua."

"Hujui," akasema Bi Mkubwa. "Lakini tutakuja."

Siku ikafika. Chatu akazunguka uwanja, akaramba, akaridhika, akaamuru mlango ufunguliwe. Mlangoni alisimama Mbweha, mlinzi, kifua mbele. Bi Pimbi akaja na Tabu mgongoni, anakokota karai kubwa lililofunikwa kitambaa na mitungi mitatu iliyozibwa kwa majani ya mkwaju.

"Mitungini mna nini?"

"Pilipili."

"Kali?"

"Inauma, bwana. Usiiguse."

Mbweha ni Mbweha. Ukimwambia usiguse umeshamwambia aguse. Akachomeka kidole.

"Yalaa! Yalaa mama!"

"Si nilikwambia?"

"Hii pilipili ni hatari! Pita, pita nayo huko!"

Akapita. Akapewa banda la mwisho, kule pembeni karibu na jalala, ambako wageni hufika wakiwa wamechoka. Hakulalamika.

Chatu akatoa hotuba. Sitawarudishia, ilikuwa ndefu. Kisha akaanza kuonja. Swaaa, akafika kwa Kanga.

"Hili sinia limo bandani?"

"Limo, mheshimiwa."

"Basi ni la kuonjwa."

Gubu! Sinia zima la pilau, na kijiko chake.

Swaaa, akafika kwa Kima. Hizi ndizi zimo bandani? Zimo. Gubu! Swaaa, akafika kwa Digidigi. Akaitazama kachumbari, akaona haina maana. Akamtazama Digidigi.

"Na wewe, umo?"

Digidigi akarudi nyuma, akagonga ukuta wa banda. Gubu! Wateja waliokuwa kwenye foleni ya maji ya matunda wakahamia banda jingine. Walihama polepole, kwa heshima, kama watu waliokumbuka kitu.

Swaaa. Swaaa. Akafika kwa Bi Pimbi.

"Mgongoni una nini?"

"Mtoto, mheshimiwa."

"Yumo bandani?"

"Yumo," akasema Bi Pimbi.

"Basi ni wa kuonjwa."

"Ni wa kuonjwa, sikatai. Lakini mtoto ni kitindamlo, mheshimiwa. Na wenye migahawa wote wanatutazama. Mgeni rasmi aanze na kitindamlo, kama mtu asiyejua meza?"

Chatu akageuza shingo. Kweli, walikuwa wanatazama.

"Mimi najua meza," akasema. "Lete chakula."

"Basi ingia ndani yote. Chakula changu hakiliwi kichwa ndani, mwili nje."

Chatu akajivuta, akajivuta, akaingia mpaka ncha ya mkia. Bi Pimbi akafunua karai. Ndani yake kulikuwa na donge la unga uliokandwa, jeupe, limelala kimya, na hamira aliyoitia ilikuwa ya kutosha harusi mbili.

Chatu akaligusa kwa ulimi. "Mbona bichi?"

"Ndio mtindo mpya, mheshimiwa. Wapishi wa siku hizi hawapiki."

"Ah. Nilisikia," akasema Chatu, ambaye hakuwa amesikia chochote. Nyuma yake wenye migahawa wakanong'onezana, mtindo mpya, mtindo mpya, wakatikisa vichwa kwa kuelewa.

Gubu!

Jua lilikuwa la utosi. Tumboni mlikuwa na pilau la moto, na ndizi, na maskini Digidigi. Hamira inapenda mahali kama hapo. Fuu. Tumbo likainuka kidogo. Fuu. Fuu. Likainuka tena. Bi Pimbi alisimama kwenye kona, amebana mgongo ukutani ili Tabu asionekane.

"Kitindamlo baadaye," akasema Chatu. "Nimeshiba kidogo." Akajaribu kugeuka. Nguzo za banda zikalia, kwii. Fuu. Fuuu. "Bi Pimbi, niitie watu wanitoe."

"Mheshimiwa umo bandani?"

"Huoni kwamba nimo?"

Akasikia mwenyewe alichokisema. Na Bi Pimbi akazibua mitungi.

Wakatoka. Mmoja, na nyuma yake mmoja, na nyuma yake mmoja, kila siafu amebeba jani lake dogo la mkwaju. Hawakukimbia. Wa kwanza akapanda, akauma, nyu, akasema, "Onjo langu ndilo hilo," akampisha wa pili. Nyu. "Onjo langu ndilo hilo." Nyu. "Onjo langu ndilo hilo."

"Mbweha!" Chatu akapiga ukelele. "Mbweha, watoe hawa!"

Mbweha akaja mbio, kidole bado kimevimba. Akainama, akakagua.

"Beji wanazo, mzee."

"Ni wengi!"

"Sheria haisemi wangapi, mzee. Inasema onjo moja, na naona kila mmoja anachukua moja." Akarudi mlangoni kwake.

Nyu. Nyu. Nyu. Waliomkimbilia Chatu kumsaidia ni nani? Hakuna. Waliofurahi ni nani? Hata hao sikuambiwa. Walisimama tu, sahani mkononi. Kumeza mtu mara moja ni jambo la kufumba na kufumbua, lakini hili lilichukua mchana wote, na Chatu alikuwa na sauti mpaka karibu na mwisho.

"Bi Pimbi," akasema, "mumeo nilimla bila chuki."

"Najua," akajibu Bi Pimbi. "Na mimi sina chuki."

Alisema uongo. Alikuwa nayo tele, ilimjaa kifuani, na hakugeuza uso. Alitazama mpaka zikabaki mbavu.

Akashusha pumzi. Akageuka atoke. Bi Mkubwa wa siafu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Wa nyuma hawajaonja," akasema.

Bi Pimbi akatazama nje. Mstari ulitoka bandani, ukapita kwa Kima, ukapita kwa Kanga, ukapita katikati ya miguu ya Mbweha, ukashuka bondeni, ukapanda kilima, na kilimani pale haukuwa umeisha.

"Bi Mkubwa, kimekwisha."

"Uliahidi kila mmoja. Na bandani hakijaisha."

Ni kweli. Bandani kulikuwa na mbavu, na karai tupu, na mama, na mtoto.

Bi Pimbi hakufikiri. Alifungua mbeleko akamrusha Tabu nje, kupita juu ya meza. "Kanga! Mshike!" Na Kanga, yule aliyekuwa anapanga sahani, safari hii alitanua mabawa akamdaka. Bi Pimbi akaruka. Kichwa kikatoka, tumbo likatoka, miguu ikatoka. Lakini siku zile pimbi walikuwa na mkia, mrefu, wa kujivunia, na mkia ulikuwa bado bandani.

Nyu. Nyu. Nyu.

Hakuuvuta; ahadi ilikuwa yake. Alilala kifudifudi mavumbini, nusu yake haki ya wageni, akauma kitambaa cha meza asipige kelele mtoto akashtuka. Waliokuwa kilimani wakafika, wakaonja, wakapita. Wa mwisho alipoonja hapakuwa na mkia tena, na hadi leo mpekueni pimbi yeyote, hamtauona.

"Tumeshukuru," akasema Bi Mkubwa. "Maonyesho yamefana. Mwakani wageni rasmi tutakuwa sisi."

Mbweha akapiga makofi. Akapiga peke yake. Wengine walikuwa wameshabeba masufuria yao wanaondoka, na njiani wakayatupa, na tangu hapo hakuna mnyama aliyewasha jiko. Wanakula vibichi, wamesimama, huku wanatazama nyuma.

Bi Pimbi akapanda majabali yake akivuja damu. Mume hana. Mkia hana. Banda hana, na mkate hakuukanda tena. Akaketi, akamfunua mtoto, akamkagua masikio, akamkagua vidole, kimoja kimoja, akakuta vyote vipo. Akalia kwa sauti. Alikuwa na Tabu, na hakutaka kingine.

Mnadai funzo? Hamwezi kusikiliza kitu bila kudai funzo? Haya, chukueni. Maonyesho ya vyakula yana faida kubwa kwa jamii, hasa kwa mgeni rasmi. Wazazi, wapelekeni watoto wakajifunze. Na mkifika huko, msisukumane kwenye foleni, kwa maana kila mmoja atapata.

Nimefuta sahani. Ikiwa ilikuwa tamu, rambeni vidole. Ikiwa chungu, nani aliyesema niipakue?