Keki ya Cherehani ya Bi Hadia

Hapo zamani, watu walipokuwa wakioka keki kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, alikuwepo mshonaji aitwaye Bi Hadia. Alishona nguo za mji mzima kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na kwa cherehani hiyo akalea binti zake: Zamda, Mwajabu na Kibibi. Mume akafa. Mabinti wakaolewa mmoja mmoja, kila mmoja mji wake. Kisha macho ya Bi Hadia yakaingia giza. Cherehani akampa jirani, akabaki na nyumba.

Siku moja akawaita wote.

"Juzi nilitia chumvi kwenye chai," akawaambia. "Nikainywa yote. Ningemwambia nani? Nimechoka kukaa peke yangu. Nataka kuhamia kwa mmoja wenu."

"Kwangu," akasema Zamda.

"Kwangu," akasema Mwajabu.

"Kwangu, mama," akasema Kibibi.

"Mkigombana mtaniacha hapahapa. Basi nitengenezeeni keki ya kuagia nyumba hii, iwe na umbo la cherehani yangu. Mwenye keki hiyo nitamlisha kipande cha kwanza mbele ya majirani, na nitaondoka naye."

Katika mji ule kipande cha kwanza hakikulishwa hovyo. Aliyelishwa cha kwanza ndiye aliyekuwa moyoni. Waliobaki walitabasamu, wakatafuna vyao.

Zamda akaanza. Akasema, "Cherehani ina shingo inayoning'inia hewani. Keki laini haitaibeba." Akatia siagi nyingi, unga mwingi, maziwa kidogo. Ikatoka nzito, akaikata, ikasimama. Kibibi akaonja.

"Dada, hii si keki, ni tofali. Na mama meno yenyewe hana."

Mwajabu akafuata. Akatia tui la nazi, iliki na maganda ya chungwa, harufu ikafika kwa majirani. Akaikata. Shingo ikainama taratibu, ikaanguka kwenye sinia.

"Cherehani yako imesinzia, mdogo wangu," akasema Zamda. "Ifunike shuka."

Kibibi akaja mwisho. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yao wote, tangu utotoni alikuwa akifinyanga udongo. Lakini subira hakuwa nayo. Akaoka keki ya kawaida ya chai, akaichonga ikiwa bado ya moto. Ikawa chenga tupu.

"Hiyo ni cherehani au chakula cha kuku?" akauliza Mwajabu.

Unga ukawa umebaki wa keki moja tu. Wakaketi chini jikoni, bega kwa bega, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya tangu msiba wa baba yao.

"Tupike yangu," akasema Zamda. "Angalau inasimama."

"Inasimama, haimezeki," akasema Mwajabu. "Ongeza mayai kidogo. Mimi nitatia iliki iliyotwangwa na kuchekechwa. Haina maji, haitailegeza. Nazi tuitie kwenye kitako, pale hakuna kinachoning'inia."

"Na safari hii nitaiacha ipoe mpaka asubuhi," akasema Kibibi. "Nifungeni mikono mkiona naisogelea."

Wakacheka. Bi Hadia alikuwa nyuma ya mlango, anasikia kila kitu. Alikuwa na kiu, na maji yalikuwa jikoni. Hakuingia. Aliogopa kwamba akiingia watanyamaza.

Siku ya kuaga ikafika. Majirani wakakaa kwenye mikeka, keki ikawekwa mbele ya Bi Hadia. Akaipapasa. Akaipata shingo, akalipata gurudumu, akakipata kishikio chake. Kiganja kikaanza kuzunguka hewani, kama anashona. Kisha akainama akainusa.

"Iliki," akasema. "Nilikuwa nikiitafuna kila Idi ikikaribia, ili usingizi usinichukue nguo za watu hazijaisha."

Akakata kipande kwenye shingo.

"Haya. Mwenye keki ni nani?"

Zamda akasema, "Mama, shingo uliyoikata imesimama kwa mapishi yangu. Bila mimi ungepapasa uji. Watoto wangu wote wameondoka. Mpaka leo nainjika sufuria kubwa kwa mazoea, kisha namwaga. Mwenye keki ni mimi."

Mwajabu akasema, "Mama, cherehani ziko nyingi. Iliki ndiyo iliyokuambia hii ni yako, na aliyeikumbuka ni mimi. Sikujaliwa mtoto, na mume wangu yuko safarini siku zote. Naiacha redio ikizungumza ili nyumba iwe na sauti. Mwenye keki ni mimi."

Kibibi akasema, "Mama, hawa wamepika unga. Cherehani nimeifanya mimi. Vidole vyako ndiyo macho yako, na nimehakikisha vinaona. Kwangu kuna kelele za watoto kutwa nzima, lakini tangu baba yao aondoke hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Mwenye keki ni mimi."

Bi Hadia akainua kipande. Hakuziona nyuso. Mbele yake vinywa vimefunguliwa, kama zamani alipokuwa akiwalisha kwa kijiko kimoja. Alijua pia kwamba kitakapoingia kinywa kimoja, wawili watarudi kwenye sufuria kubwa, au redio, au kelele, na jiko lile halitasikia tena kicheko chao. Mkono ukabaki hewani. Chenga zikaanza kudondoka.

Nanyi mnaosikiliza, msiniambie akate vipande vitatu sawasawa, maana mama hagawanywi kwa kisu. Semeni upesi, mkono wake umechoka. Je, kipande hicho kiingie kinywani mwa nani?