Mbaruku Aandikwe Nyumba Ipi

Hapo zamani, wala si zamani sana maana leseni za maduka ya dawa zilikuwapo, aliishi Mbaruku, muuza dawa mwenye leseni na mwenye wake wawili. Siku mbili alilala kwa Bi Mwanjaa, mke mkubwa. Siku mbili kwa Bi Sihaba, mke mdogo. Zamu haikupinda.

Siku moja kufuli la duka likaharibika. Mbaruku akabeba sanduku la vidonge vikali vya maumivu, vile vinavyolevya, akaenda kulala nalo kwa Sihaba. Asubuhi alitaka kulirudisha, na zamu ilikuwa imekwisha. Sihaba akamwekea chai. Akamwekea na chakula cha mchana. Ngoja kidogo, mume wangu.

Wakaguzi wakafika dukani, wakamkuta Mwanjaa mlangoni, amekuja na wivu wake kumtafuta mume.

"Muuza dawa yuko wapi?"

"Yuko kwa mwenzangu, na sanduku la vidonge analo hukohuko."

Leseni ni ya duka, si ya chumba cha kulala. Mbaruku akakamatwa.

Hakimu akasema kesi za dawa za kulevya hazina dhamana ya mchezo. Sihaba akapeleka leseni na daftari la dawa; vidonge vikahesabiwa, hakuna kilichopungua. Hakimu akalegea, akataka mdhamini mwenye mali. Mwanjaa akaleta hati ya shamba alilorithi kwa baba yake.

"Vyema," akasema hakimu. "Ila mshtakiwa ataishi nyumba moja mpaka kesi iishe. Hakuna kuhamahama. Nyumba ipi?"

Kabla Mbaruku hajajibu, wake zake wakamtangulia.

"Kwangu, Mheshimiwa," akasema Mwanjaa. "Akitoroka, shamba langu limekwenda. Akiandikwa kwa huyu, naondoka na hati yangu."

"Kwangu," akasema Sihaba. "Bila daftari nililolitafuta mimi, angekuwa anaoza mahabusu. Akiandikwa kwake, sitoi ushahidi."

"Ulimzuia siku yangu, Sihaba. Ungemwachia asubuhi, sanduku lingekuwa dukani."

"Na wewe, Bi Mkubwa, uliwaonyesha njia ya kwangu."

Hakimu akatazama saa. Mahakama ikifungwa kabla nyumba haijaandikwa, Mbaruku anarudi mahabusu, na kesi yenyewe huenda ikachukua mwaka. Wake zake wanalijua hilo, na hakuna anayerudi nyuma.

Naona mmeanza kutazamana kwa pembe za macho, hasa nyie wenye wake wenza. Haya, karani ameshika kalamu. Je, aandike nyumba ya nani?